Nunua Mazabodi Ukiwaza Prosesa Ijayo

Mteja akija na pesa yake akitaka nimuundie kompyuta ya gemu, swali langu la kwanza ni hili: ukipata pesa tena mwakani, utabadilisha nini? Wengi hushangaa. Wamekuja na jina la kadi ya grafiki walilolisikia YouTube na wanataka kujua kama naweza kuwatafutia. Kadi nitaipata. Mimi nawaza vitakavyobaki ndani ya kesi wakati kadi hiyo imeshauzwa kwa mtu mwingine: mazabodi, pawa saplai na kesi yenyewe.

Naunda na kutengeneza kompyuta hapa Dar es Salaam, na wateja wangu wachache sana hutoa mamilioni kwa mkupuo. Ni wanafunzi wa vyuo, vijana walioanza kazi juzi, wazazi waliomwahidi mtoto zawadi akifaulu. Wananunua jinsi watu wa hapa wanavyojenga nyumba: kiwanja mwaka huu, msingi mwakani, bati Mungu akijalia. Hakuna ubaya wowote katika kununua hivyo. Ubaya unakuja pale mtu anapoweka pesa yote kwenye kitu cha kubadilishwa, akabana kwenye kitu cha kudumu. Kadi nzuri juu ya mazabodi ya bei ya kutupa na pawa saplai isiyo na jina nimeiona mezani kwangu mara nyingi mno, na kila mara mwenye kadi anataka kujua kwa nini kompyuta inazima katikati ya mechi.

Mtoto wa kaka yangu alipoingia chuo alinifuata dukani na bahasha.

"Shikamoo, shangazi. Nina hela ya kuanzia tu."

"Marahaba, baba. Unacheza gemu gani?"

"Valorant, FC, na GTA V."

"Basi kadi hatununui sasa."

Alinuna. Nikamketisha nikamchorea kwenye karatasi. Awamu ya kwanza ilikuwa prosesa ya Ryzen 5 5600G, iliyotoka 2021, yenye kore 6 na grafiki zake humohumo ndani, kwa hiyo inacheza bila kadi. Mazabodi ya chipseti ya B550 yenye nafasi 4 za RAM. RAM ya DDR4, vijiti viwili vya GB 8. SSD ya NVMe. Pawa saplai ya wati 650 kutoka kampuni inayojulikana. Kesi ya wavu mbele. Bajeti ingetosha kwa kadi ya kiwango cha chini pamoja na vikorokoro vya kuizunguka, na hicho ndicho alichokuwa akikitaka. Lakini mashine ya aina hiyo haina pa kwenda, na hii ya karatasini ilikuwa na awamu tatu mbele yake.

Kuhusu vile vijiti viwili vya RAM, wauzaji wengi watakuambia kimoja cha GB 16 ni kilekile. Si kilekile. Grafiki za ndani ya prosesa hazina kumbukumbu yake yenyewe, zinaazima RAM. Ukiweka kijiti kimoja, data inapita njia moja. Ukiweka viwili inapita njia mbili kwa pamoja, na kwenye mashine isiyo na kadi tofauti unaiona kwenye skrini mara moja. Kwenye mazabodi yenye nafasi nne, viweke nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha ingia BIOS uwashe mpangilio wa XMP, maana RAM iliyoandikwa 3200 huanza kwa mwendo wa chini, mara nyingi 2133 au 2666, hadi uiambie vinginevyo. Kuna watu wamekaa na kompyuta zao miaka bila kufanya hivyo.

Sasa nije kwenye mazabodi, kwa sababu hapo ndipo mustakabali wa mashine unapoamuliwa. Prosesa hukaa kwenye soketi, na kila soketi ina umri wake. Mwaka 2017 unafundisha vizuri kuliko mwaka mwingine wowote ninaoujua. Mwanzoni mwa mwaka huo Intel walitoa prosesa za kizazi cha saba kwa soketi ya LGA 1151. Mtu akanunua Core i5-7400 na mazabodi yake mpya kabisa. Oktoba ya mwaka uleule ikatoka Core i5-8400, yenye kore 6 badala ya 4, na soketi ikaitwa LGA 1151 vilevile, yenye idadi ileile ya pini. Lakini kwenye mazabodi ya yule mnunuzi haikufanya kazi. Ilitaka chipseti mpya. Baada ya hapo ikaja LGA 1200 mwaka 2020, LGA 1700 mwaka 2021, na LGA 1851 mwaka 2024. LGA 1700 ilijitahidi, ilibeba vizazi vitatu, cha 12 hadi cha 14.

Mwaka huohuo wa 2017, upande wa AMD, mtu mwingine alinunua Ryzen 5 1600 na mazabodi ya B350, soketi ya AM4. Miaka 5 baadaye ikatoka Ryzen 7 5800X3D, ambayo ilipotoka ilikuwa miongoni mwa prosesa bora duniani kwa gemu, na mazabodi nyingi za B350 zikapata BIOS mpya ya kuikubali. Yaani huyu alibadilisha prosesa peke yake. Mazabodi ileile, RAM ileile, pawa ileile. Yule wa kwanza alipaswa kung'oa karibu kila kitu.

Sisemi AMD ni malaika. Mei 2020 walitangaza kwamba Ryzen zijazo hazitaingia kwenye mazabodi za B450, ambazo watu walikuwa bado wanazinunua madukani. Sababu moja waliyotoa ilikuwa udogo wa chipu ya BIOS, kwamba MB 16 hazitoshi kubeba orodha ya prosesa zote. Wanunuzi wakapiga kelele, na kabla mwezi haujaisha kampuni ikarudi nyuma. Kwa hiyo ahadi ya kampuni isome, lakini ununue kwa kuangalia orodha ya prosesa zinazokubalika kwenye ukurasa wa mazabodi husika. Orodha hiyo inaonyesha jina la prosesa na toleo la BIOS linalohitajika. Dakika tano za kuisoma zinaokoa mshahara.

Swali linalofuata siku hizi ni AM4 au AM5. AM5 ilitoka 2022, inatumia RAM ya DDR5 tu, na AMD wamesema wataihudumia hadi 2027 na zaidi. Mwenye uwezo wa kununua Ryzen 5 7600, mazabodi ya B650 na GB 32 za DDR5 aende huko moja kwa moja, barabara yake bado ndefu. Lakini mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipaa, kwa kuwa viwanda vilielekeza uzalishaji kwenye seva za akili mnemba, na DDR5 ikawa mzigo kwa mtu wa kipato cha kawaida. AM4 imefika mwisho wa safari, hakuna familia mpya ya prosesa inayosubiriwa. Hata hivyo ndani yake bado kuna ngazi za kupanda, na vipuri vyake vya mtumba viko vingi. Kijana mwenye bahasha ndogo namwelekeza huko bila wasiwasi, na namwambia wazi ngazi ya mwisho ni ipi.

Sasa pawa saplai. Hapa naomba msomaji asimame nami kidogo, kwa sababu ndicho kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote na ndicho pekee kinachoweza kuua vingine.

Ninayo moja kwenye rafu, naitumia kufundishia. Ubavuni imeandikwa 500W kwa herufi kubwa nyekundu. Igeuze usome lebo ndogo. Tafuta safu ya +12V, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki zinakula kutoka hapo. Lebo inasema 17A. Zidisha 12 kwa 17 unapata wati 204. Hizo ndizo wati zake za kweli kwa kazi yetu. Nyingine zimejazwa kwenye safu za 3.3V na 5V ambazo kompyuta ya leo haizihitaji kwa wingi. Sasa chukua kadi ya RX 6600, inakula hadi wati 132. Prosesa iliyoandikwa wati 65 inaweza kufika 88 ikikazwa. Jumla 220, na bado hujahesabu feni, SSD na mazabodi. Kompyuta itawaka, itafungua Windows, itacheza muziki. Itazima siku gemu litakapoamsha kadi na prosesa kwa pamoja, na kama pawa haina kinga nzuri ndani, inaweza kuondoka na kitu kingine.

Nyuma ya pawa hiyohiyo kuna swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Umeme wetu ni 230. Mtoto au msafishaji akiisukuma kwenda 115, ukiwasha utasikia mlio na kunusa moshi. Pawa saplai za kisasa zenye PFC hai, yaani saketi inayorekebisha namna umeme unavyovutwa, hazina swichi hiyo, zinapokea volti 100 hadi 240 zenyewe. Ukiona swichi, jua unaangalia teknolojia ya zamani.

Kijana nilimwekea wati 650 ingawa mashine yake ya siku ya kwanza haikufika hata wati 150. Hiyo nafasi iliyobaki ni ya kadi zijazo: RX 6600 katika awamu inayofuata, na akitaka siku moja RTX 4070 ya wati 200 au RX 6800 ya wati 250, pawa haiguswi. Pawa nzuri huja na waranti ya miaka 5, nyingine 7 hata 10. Hakuna kifaa kingine kwenye kesi kitakachoishi kupitia mabadiliko mengi kama hicho.

Na umeme wenyewe ukatike au usikatike, unapanda na kushuka. Anayeweza kununua UPS anunue, lakini asome wati badala ya VA. Iliyoandikwa VA 650 mara nyingi hubeba wati 360 hadi 390 tu. Nyingine za bei ndogo hutoa mkondo usio laini zinapokwenda kwenye betri, na baadhi ya pawa saplai za PFC hai huukataa na kuzima hapohapo. Ijaribu dukani na mashine yako ikiwa imewashwa, chomoa waya wa ukutani uone.

Kesi nitaipita haraka. Iwe na wavu mbele, si kioo, maana Dar ni joto na hewa lazima iingie. Iwe na vichujio vya vumbi vinavyotoka na kuoshwa. Pima urefu wa kadi unayoiota kwa milimita, ulinganishe na nafasi iliyoandikwa kwenye maelezo ya kesi. Taa za rangi hazina kosa, ila zisile pesa ya pawa.

Kadi ya grafiki ndiyo kitu nilichomwambia kijana anunue mtumba, katika awamu ya pili. Soko la mtumba lilifurika baada ya tarehe 15 Septemba 2022, siku sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na mpaka leo kadi zilizotoka huko zinazunguka. Kadi ya uchimbaji haiogopwi yenyewe kwa yenyewe. Kinachoogopwa ni feni zilizochoka na pesti iliyokauka, na vyote viwili hurekebishika. Kinachonitia hofu zaidi ni kadi za uongo. Zipo zinazojiita GTX 1050 Ti wakati ndani ni chipu ya miaka ya 2010 iliyobadilishwa BIOS. Ipo pia RX 580 2048SP: RX 580 halisi ina vitengo 2304 vya kuchakata, hiyo ina 2048, na kwa idadi hiyo ni RX 570 iliyovaa jina la mkubwa wake. Njoo na programu ya GPU-Z kwenye flashi, ni ya bure. Inaonyesha idadi hiyo, na kadi nyingi za uongo huzitaja waziwazi kuwa ni za uongo. Kisha iendeshe kadi kwa mzigo mkubwa robo saa nzima ukiwa umeangalia joto. Muuzaji asiyekubali robo saa, muage kwa heshima uende kwa mwingine.

Kuna kadi za bei poa ambazo leo siwezi kumshauri mtu anunue, hata zikiwa nzima. GTX 1060 na wenzake wa kizazi cha Pascal walipata draiva yao ya mwisho ya gemu mpya mwaka 2025. RX 580 haina vifaa vya kuchora miale ya mwanga, na Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 pamoja na Doom: The Dark Ages ya 2025 hazikubali kadi isiyo navyo. Ndiyo maana nasimama kwenye RX 6600 au RTX 3060 kuwa sakafu. RTX 3060 ya GB 12 ina faida ya kumbukumbu, maana tangu 2023 gemu kubwa zimeanza kuzibana GB 8.

Angalia pia idadi ya njia kadi inazotumia kuzungumza na mazabodi. RX 6600 inatumia 8. RX 6500 XT inatumia 4 tu, na ukiiweka kwenye mazabodi ya B450 yenye PCIe 3.0, au kwenye prosesa kama 5600G ambayo nayo ni ya 3.0, inapoteza nguvu kiasi cha kuonekana. Muuzaji hatakuambia hili. Karatasi ya kadi itakuambia.

Watu huniuliza kuhusu zile kompyuta za ofisini zilizotumika Ulaya, zinazouzwa kwa bei nzuri. Kwa kusomea na kazi za ofisi nazipenda. Kwa gemu la kupandisha daraja, hapana. Dell OptiPlex 9020, kwa mfano, ina plagi ya pawa ya pini 8 kwenye mazabodi, wakati pawa saplai za kawaida zina pini 24. HP EliteDesk 800 G1 ina yake ya pini 6. Mazabodi haihamii kwenye kesi nyingine kirahisi, na prosesa zake za kizazi cha nne haziko kwenye orodha ya Windows 11. Ukiilazimisha Windows 11, Valorant itagoma, kwa kuwa mlinzi wake Vanguard anadai kinga za TPM 2.0 na Secure Boot. Battlefield 6 nayo inadai Secure Boot. Kijana anayenunua mashine kwa ajili ya Valorant akagundua hilo nyumbani ataumia, na mara nyingi muuzaji hamrudishii pesa.

Awamu ya tatu ya kijana wangu ilikuwa prosesa. Alipata Ryzen 7 5700X3D ya mtumba, yenye kore 8 na kashe ya MB 96, ilhali 5600G yake ina MB 16. Kashe hiyo ndiyo inayopunguza kukwamakwama kwenye gemu. Kazi ya kubadilisha ilifanyika mezani kwangu, na nilimwachia aifanye mwenyewe.

Kwanza BIOS mpya, prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. Ukitoa prosesa kabla, mazabodi haitaitambua mpya na utabaki na skrini nyeusi. Kisha akaiwasha mashine ikacheza gemu kidogo ili pesti ilainike kwa joto. Akazima, akachomoa waya, akafungua kipoozeo. Alipotaka kukivuta juu nikamshika mkono. Kwenye AM4 pini 1331 ziko chini ya prosesa, si kwenye soketi, na pesti iliyokauka hushika kama gundi; ukivuta wima, prosesa inang'oka pamoja na kipoozeo huku lachi imefungwa, na pini zinapinda. "Kizungushe kwanza, kushoto, kulia, polepole." Akazungusha. Kikaachia kwa mlio mdogo. Akainua lachi, prosesa ikatoka bila kulazimishwa, pini zote zimenyooka.

Hiyo 5600G yenye pini zilizonyooka ilikuwa na thamani sokoni. Aliiuza kwa mwanafunzi mwenzake aliyekuwa anaanza awamu ya kwanza, na pesa hiyo ikachangia kitu alichokuwa akikiahirisha tangu mwanzo, monita. Kwa muda wote alikuwa anatumia ya Hz 60 aliyopewa nyumbani. Mashine ilikuwa inatoa fremu zaidi ya 200 kwa sekunde kwenye Valorant, na monita ilikuwa inamwonyesha 60. Nilimwambia atafute ya 1080p ya Hz 144 au 165, asivutwe na 4K, maana RX 6600 yake haina misuli ya kusukuma pikseli milioni 8 kwa kila fremu, wakati 1080p ina milioni 2 tu. Ameshapata ya Hz 165. Waya wake wa DisplayPort nilimpa mimi, na tukahakikisha kwenye mipangilio ya Windows kwamba 165 imechaguliwa, kwa sababu mara nyingi huanza kwenye 60 na watu hukaa hivyohivyo wakidhani wamenunua kitu kibovu.